Ukomo wa adhabu kwa waliosafiri Cuba: miaka mitano imekuwa kumi

Ndugu Mhariri,

Katika mazungumzo na ndugu na jamaa zetu wanaoishi Marekani, nimekuwa nikisikia kauli moja inayorudiwa kwa uhakika mkubwa: kwamba mtu aliyekwenda Cuba bila kutimiza masharti ya vikwazo, kisha ikapita miaka mitano bila kupokea barua yoyote ya serikali, hana tena la kuogopa kwa sababu kosa lake limepitwa na wakati. Kauli hiyo ilikuwa ya kweli hadi Aprili 2024. Leo si ya kweli, na kwa kuwa wanaoitegemea ni pamoja na walimu, wanafunzi, wauguzi na watumishi wa dini wanaosoma gazeti lako wakiwa ughaibuni, naomba nafasi nieleze kilichobadilika na kwa nini naona mabadiliko hayo hayamtendei haki msafiri wa kawaida.

Kwanza ieleweke marufuku yenyewe ni ipi. Sheria ya Marekani haimkatazi mtu kukanyaga ardhi ya Cuba. Inamkataza kutumia fedha huko, na kwa kuwa hakuna awezaye kulala, kula na kupanda teksi bila kulipa, matokeo yake ni yale yale. Kanuni za Udhibiti wa Mali za Cuba zilitolewa Julai 1963 chini ya Sheria ya Biashara na Adui ya mwaka 1917, na mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo liliongeza katazo la safari za utalii, ambalo rais hawezi kulifuta peke yake. Zinazoruhusiwa ni safari za aina 12, zikiwamo za kutembelea ndugu wa karibu, uandishi wa habari, utafiti na mikutano ya kitaaluma, masomo, shughuli za dini na misaada ya kibinadamu. Anayesafiri kwa mojawapo ya sababu hizo kwa kawaida halazimiki kuandika barua ya maombi, kwani kibali cha jumla tayari kimo ndani ya kanuni. Anachotakiwa ni kutimiza masharti ya kibali hicho na kutunza kumbukumbu za kuthibitisha kwamba aliyatimiza.

Watu wetu wengi hudhani kwamba haya yanawahusu raia wa Marekani peke yao. Yanamhusu pia mkazi wa nchi hiyo popote alipo duniani, na yeyote aliyemo ndani ya mipaka yake. Mtanzania au Mkenya mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, anayekuja likizo nyumbani na kuamua kwenda Havana akitokea Dar es Salaam au Nairobi kwa pasipoti ya nchi yake ya kuzaliwa, bado amebanwa na kanuni hizo kama ambavyo angebanwa akiondokea Miami.

Msimamizi wa kanuni ni Ofisi ya Udhibiti wa Mali za Kigeni iliyo chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Ofisi hiyo inaweza kutoza faini bila kwenda kwanza mahakamani, bila kulazimika kuthibitisha kwamba msafiri alikusudia kuvunja sheria, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa sasa ni zaidi ya dola 100,000 kwa kila kosa. Ni kweli kwamba faini zilizokuwa zikitozwa watu binafsi zilikuwa ndogo sana kuliko kiwango hicho, na kwamba katika miaka ya karibuni nguvu za ofisi zimeelekezwa zaidi kwa makampuni. Lakini katika utawala wa Rais George W. Bush barua za kuwataka wasafiri wa Cuba wajieleze zilitolewa kwa wingi, na waliozipata hawakuwa wafanyabiashara wakubwa. Wengi walikuwa watu wa kawaida, wakiwamo wastaafu. Siasa za Washington kuhusu Cuba hugeuka kila baada ya uchaguzi, na ndiyo maana urefu wa muda wa kushitaki una uzito kuliko idadi ya barua zinazotumwa mwaka huu au mwaka ujao.

Kwa miongo mingi muda huo ulipimwa kwa kifungu cha jumla cha sheria za shirikisho, yaani kifungu cha 2462 katika juzuu la 28, kinachosema kwamba shauri la kudai faini au adhabu ya fedha halisikilizwi lisipofunguliwa ndani ya miaka mitano tangu haki ya kulifungua ilipozaliwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua, katika shauri la kampuni ya 3M, kwamba kifungu hicho hakiwabani mawakili wa serikali mahakamani tu bali kinaibana pia ofisi ya serikali inayotoza faini kwa utaratibu wake yenyewe. Mwaka 2013, katika shauri la Gabelli, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba miaka mitano huanza kuhesabiwa siku kosa lilipotendwa, wala si siku serikali ilipoligundua. Serikali, walisema, si sawa na mtu binafsi aliyetapeliwa bila kujua. Ina wachunguzi, ina uwezo wa kuita nyaraka, na kazi yake ni kutafuta makosa.

Hoja hiyo ni ya zamani kuliko vikwazo vyenyewe. Jaji Mkuu John Roberts aliijenga juu ya maneno ya mtangulizi wake John Marshall katika shauri la Adams na Woods la mwaka 1805, aliyesema kwamba ingekuwa kinyume kabisa na roho ya sheria za nchi hiyo iwapo mtu angeweza kudaiwa faini baada ya muda wowote ule, ilhali hata uhaini wakati huo haukuweza kushitakiwa baada ya miaka mitatu. Naomba wasomaji wa pwani yetu wazingatie shauri hilo lilihusu nini. Mdaiwa alidaiwa faini chini ya sheria ya mwaka 1794 iliyokataza kuendesha biashara ya watumwa kutoka Marekani. Mahakama ikaamua kwamba hata kwa jambo hilo, shauri lililofunguliwa baada ya miaka miwili lilikuwa limechelewa. Sisemi kwamba mfanyabiashara wa watumwa alistahili nafuu hiyo, na sisi ambao mababu zetu walipitishwa Bagamoyo na Mkunazini hatuwezi kusema hivyo. Nasema kwamba waasisi wa sheria za Marekani waliona ukomo wa faini kuwa kanuni nzito kiasi hicho, hadi hawakukubali kuilegeza hata mbele ya uovu wa namna ile, na leo imelegezwa kwa mtu aliyekodi chumba na kula wali na maharage ya Cuba.

Ililegezwa tarehe 24 Aprili 2024, siku Rais Joe Biden aliposaini sheria kubwa iliyobeba misaada kwa Ukraine, Israel na Taiwan pamoja na amri ya kuilazimisha TikTok kuuzwa. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kuhusu Ukraine na TikTok. Ndani ya sheria hiyo, katika kifungu cha 3111, kulikuwa na aya chache zilizobadili sheria mbili zinazobeba vikwazo vya Marekani, ile ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977 na ile ya Biashara na Adui ya mwaka 1917, ili muda wa kufungua mashauri ya faini na hata ya jinai uwe miaka 10 tangu kosa lilipotendwa mara ya mwisho. Aya hizo zinaongeza kwamba shauri huhesabiwa kuwa limeanza pale ofisi inapotoa notisi ya awali ya adhabu. Kwa hiyo barua moja iliyotolewa siku chache kabla ya miaka 10 kutimia inatosha kulifanya shauri liwe hai.

Wizara ya Fedha ilitoa mwongozo wake tarehe 22 Julai 2024 na kueleza mpaka uko wapi: makosa yote ambayo hayakuwa yamepitwa na wakati siku sheria iliposainiwa, yaani yaliyotendwa baada ya tarehe 24 Aprili 2019, yameingia katika miaka 10. Yale ya kabla yake hayawezi kufufuliwa, na kwa upande wa jinai Mahakama ya Juu ilikwisha kukataza ufufuaji wa aina hiyo mwaka 2003 katika shauri la Stogner. Chukua wasafiri wawili waliotenda jambo lile lile kwa namna ile ile. Aliyekwenda Havana Machi 2019 na kurudi mwezi huo huo aliwekwa huru na kalenda Machi 2024. Aliyekwenda Mei 2019 alikuwa amebakiza majuma machache tu, akaamka na kukuta ameongezewa miaka mitano mingine hadi Mei 2029, na hakuna aliyemwandikia kumjulisha.

Kisha ikaja kanuni ya kumbukumbu. Awali msafiri alitakiwa kutunza nyaraka za safari yake kwa miaka mitano. Tangu tarehe 12 Machi 2025 anatakiwa kuzitunza kwa miaka 10. Hapa ndipo naomba wakubwa waliotunga jambo hili washuke kidogo waangalie karatasi zenyewe. Kadi za benki za Marekani kwa kawaida hazifanyi kazi Cuba, kwa hiyo msafiri hulipa fedha taslimu, na taarifa yake ya benki haionyeshi chochote isipokuwa kiasi alichotoa kabla ya kuondoka. Mwenye nyumba ya kulala wageni humwandikia risiti kwa mkono katika kijikaratasi, jina la mgeni likiwa limekosewa herufi na tarehe ikiwa imeandikwa kwa mtindo wa Kihispania, siku kwanza mwezi baadaye, jambo ambalo mchunguzi wa Marekani anaweza kulisoma kinyume. Risiti ya mgahawa, kama ipo, imechapwa kwenye karatasi ile laini ya mashine ambayo wino wake hufifia kwa joto na mwanga, na baada ya miaka michache hubaki karatasi nyeupe yenye mikunjo. Kampuni kubwa ina idara ya sheria na mitambo ya kuhifadhi nyaraka. Mwalimu wa shule ana droo, na katika miaka 10 huenda akahama nyumba mara kadhaa. Anaposhindwa kutoa karatasi hizo, kushindwa huko pekee kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa, hata kama safari yake ilikuwa halali tangu mwanzo hadi mwisho.

Ugumu unazidi kwa sababu kanuni za safari zenyewe hazikutulia. Rais Barack Obama aliruhusu Machi 2016 safari za mtu mmoja mmoja za kujuana na wananchi wa Cuba kwa malengo ya elimu. Rais Donald Trump akaziondoa Novemba 2017, kisha tarehe 5 Juni 2019 akaondoa hata zile za vikundi, isipokuwa kwa aliyekuwa amekwisha kulipia angalau jambo moja la safari, tiketi au malazi, kabla ya tarehe hiyo. Juni 2022 utawala wa Biden ukarudisha za vikundi. Katikati ya hayo, tangu Septemba 2020, Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikitoa orodha ya hoteli ambazo ni marufuku kulala hata kwa mtu ambaye safari yake ina kibali. Sasa mfikirie aliyesafiri na kikundi Agosti 2019 kwa tiketi aliyoinunua Mei. Uhalali wa safari yake yote umeshikiliwa na uthibitisho wa tarehe ya kununua tiketi, na anaweza kudaiwa uthibitisho huo Agosti 2029, pengine kutoka kwa wakala wa safari aliyekwisha kufunga biashara. Ukomo wa muda uliwekwa katika sheria za nchi nyingi, pamoja na Sheria yetu ya Ukomo, Sura ya 89, kwa sababu hiyo hasa, kwamba ushahidi huoza, mashahidi hutawanyika na kumbukumbu huchanganyika. Kwetu madai ya mkataba yana miaka 6 na madai ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Aliyelala siku nne katika chumba cha kupanga mjini Havana anasubiriwa kwa muda unaokaribia ule wa mgogoro wa shamba.

Najua serikali ya Marekani ina hoja. Anayekwepa vikwazo kwa makampuni ya mfukoni yaliyosajiliwa katika visiwa vitatu tofauti, akihamisha mafuta kutoka meli hadi meli usiku na kubadili majina ya meli hizo, hawezi kufuatiliwa kwa miaka mitano, na nadhani hakuna mtu mwenye nia njema anayetaka aponyoke kwa sababu tu ya kalenda. Kwa watu wa namna hiyo, miaka 10 inaeleweka. Lakini sheria ya mwaka 1977, ambayo ndiyo inayobeba vikwazo dhidi ya Urusi, Iran na wengineo, ina msamaha ulioandikwa waziwazi kwa gharama za kawaida za usafiri wa mtu binafsi. Mtu anaweza kwenda Tehran, akala na akalala, bila kuvunja vikwazo kwa kula na kulala huko. Cuba haina msamaha huo kwa kuwa imebaki chini ya sheria ya mwaka 1917, na tangu Korea Kaskazini ilipoondolewa humo mwaka 2008 imebaki peke yake. Kwa maneno mengine, Bunge lilipoongeza muda katika sheria ya 1917, halikuwagusa wakwepaji wa mafuta ya Urusi hata mmoja. Liliigusa Cuba tu, na kwa mtu binafsi Cuba maana yake ni safari. Ingetosha kabisa kuuacha ukomo wa miaka mitano ubaki kwa gharama za safari za mtu binafsi, na kuongeza muda kwa makampuni na wanaotenda kwa makusudi. Wabunge wa nchi hiyo bado wanaweza kulirekebisha hilo kwa sentensi moja, na wapiga kura wenye asili ya Afrika Mashariki wanayo haki ya kuwaandikia.

Jambo hili lina sura nyingine ambayo haina ukomo hata kidogo. Wasomaji wako wenye pasipoti za Uingereza, Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, ambao kwa kawaida huingia Marekani kwa kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA bila kuomba viza, hawapati tena kibali hicho iwapo walikuwa Cuba tarehe 12 Januari 2021 au baada yake, na hakuna kifungu kinachosema hali hiyo itaisha baada ya miaka mingapi. Hawajavunja sheria yoyote na hawatozwi faini. Wanalazimika tu kwenda ubalozini kuomba viza ya kawaida, na kusubiri foleni yake. Wengi huligundua hilo baada ya kukata tiketi.

Sababu ya kuandika sasa, na kuandika kwa Kiswahili, ni Havana yenyewe. Novemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara nchini Cuba, kulifanyika mjini humo kongamano la kimataifa la Kiswahili, na lugha yetu ikapata jukwaa katika nchi ambayo urafiki wake na Tanzania unarudi nyuma hadi zama za Mwalimu Nyerere na Fidel Castro. Ni jambo la kujivunia. Lakini mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Marekani, ambaye alihudhuria au ambaye atahudhuria mkutano kama huo siku za usoni, anasafiri kwa kibali cha jumla cha mikutano ya kitaaluma, na kibali hicho kina masharti. Ratiba yake lazima iwe ya kazi ya siku nzima, bila muda wa mapumziko unaozidi ule wa mtu aliye kazini, kwa hiyo siku mbili za ufukweni Varadero baada ya kongamano hazimo. Hoteli aliyolala lazima iwe nje ya orodha ya marufuku, hata kama ndiyo iliyopendekezwa na waandaaji wenye nia njema ambao hawakuwa na sababu ya kuijua orodha hiyo. Aliyehudhuria Novemba 2024 anaweza kuulizwa haya yote hadi Novemba 2034.

Nawasihi basi waliokwisha kwenda, kwa sababu yoyote ile, wasizitupe karatasi zao. Wazipige picha leo kabla hazijafifia, wahifadhi nakala mahali pawili, na waandike kwa maneno yao wenyewe, wakiwa bado wanakumbuka, walikwenda kwa kibali kipi, walilala wapi na walifanya nini kila siku. Atakayepokea barua ya kutakiwa kujieleza asiipuuze na asiijibu kwa haraka kabla ya kumwona wakili anayejua vikwazo, kwa kuwa neno moja lililokosewa katika jibu linaweza kuwa zito kuliko safari yenyewe.

Kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani na wengine wanaoandaa mikutano yetu ya kimataifa, nina ombi moja mahususi. Pindi kongamano litakapofanyika tena Cuba, kila mshiriki apewe kabla ya kuondoka Cuba barua yenye mhuri inayotaja jina lake kama lilivyo katika pasipoti, tarehe za kikao, ratiba kamili ya saa kwa saa na jina la mahali alipolala, kwa Kiswahili, Kihispania na Kiingereza. Nakala yake ibaki katika kumbukumbu za waandaaji kwa muda usiopungua miaka 10, ili mwalimu aliyepoteza ya kwake awe na mahali pa kuiomba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wenu, Tanga